Anayesemwa Apande Jukwaani

Maswali ya wasomaji kuhusu sanaa za maonyesho, afya ya akili na haki

Tangu tulipochapisha makala kuhusu wasanii wa jukwaani wanaoshughulikia afya ya akili, barua zimefika nyingi kiasi cha kunilazimu kuitenga safu nzima ya toleo hili kwa ajili yake. Nimechagua nne. Majina ya walioziandika nimeyaondoa, kwa kuwa baadhi yao wanaeleza mambo ambayo hata jirani zao hawajayasikia, na nimezifupisha bila kuzipunguzia maana.

Barua ya kwanza

*Mimi ni mwongozaji wa kikundi kidogo cha maigizo. Tunatayarisha mchezo kuhusu kijana aliyepatwa na ugonjwa wa akili akiwa masomoni, na jinsi ndugu zake wanavyomficha chumbani. Katika maonyesho ya majaribio, kila kijana huyo alipoanza kuzungumza peke yake, hadhira iliangua kicheko. Mwenzangu mmoja ananishauri niiondoe sehemu hiyo. Mwingine anasema kicheko ni dalili kwamba watu wamependezwa. Isitoshe, daktari mmoja ametushutumu kwamba sisi si wataalamu na hatuna haki ya kuyagusa mambo haya. Je, tuendelee? Na kazi ya msanii ni ipi hasa, ikiwa hana dawa wala elimu ya tiba?*

Ndugu mwongozaji, endeleeni. Ila nakuomba uahirishe mjadala wa kuiondoa au kuibakiza sehemu hiyo, kwa sababu tatizo lenu naliona liko nyuma yake, pale mlipoketi kuutunga mchezo, na ningependa tulifuate mpaka huko.

Kicheko kile hakikuzaliwa katika ukumbi wenu. Jukwaa limewatumia wendawazimu kuchekesha watu kwa karne nyingi. Mwaka 1622 huko London, Thomas Middleton na William Rowley walitunga tamthilia ya The Changeling, ambayo kisa chake cha pembeni kinatokea ndani ya nyumba ya wendawazimu, na wagonjwa waliomo wanatayarishwa kucheza ngoma ili wakawatumbuize watu harusini. Watazamaji wa zama hizo hawakuona ajabu, kwa maana hospitali ya Bethlem ya mjini humo ilikuwa ikiruhusu watu waingie na kuwatazama wagonjwa kwa ajili ya kujifurahisha tu, desturi ambayo ilikuja kuzuiwa mwaka 1770. Nchini Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, mkuu wa hospitali ya Charenton aliyeitwa Coulmier aliwaruhusu wagonjwa waigize michezo chini ya uongozi wa mwandishi Sade, ambaye mwenyewe alikuwa amefungiwa humo. Coulmier aliamini kwamba maigizo yanaweza kuituliza nafsi iliyosumbuka, na katika hilo aliona mapema jambo ambalo wengi wangechelewa sana kuliona. Lakini watu wenye vyeo walikuja kutoka Paris kuwashangaa wagonjwa wakiigiza, na mwaka 1813 serikali ikayasimamisha maonyesho hayo. Naitaja Charenton kwa makusudi, kwa sababu huko nia ya mwandaaji ilikuwa njema na wagonjwa wenyewe walipanda jukwaani. Hata hivyo walipandishwa kusema maneno ya wengine mbele ya watu waliokuja kuwatazama wao na wala si mchezo, na nia njema haikuweza kuligeuza jicho la mtazamaji.

Linganisha na yaliyotokea katika mji wa Trieste, nchini Italia, hadithi ambayo kila mara ninapoisimulia hunirudishia imani yangu katika kazi hii. Mwaka 1971 daktari Franco Basaglia alikabidhiwa hospitali ya magonjwa ya akili ya mji huo, yenye zaidi ya wagonjwa 1,000, wengi wao wakiwa wamefungiwa humo kwa miaka mingi. Alianza kufungua milango, na mwanzoni mwa mwaka 1973 akakitoa kitengo kimoja kilichokuwa kitupu kiwe karakana ya wasanii. Miongoni mwa walioitikia mwito alikuwamo mtunzi na mwongozaji Giuliano Scabia, pamoja na mchongaji Vittorio Basaglia, ambaye ni binamu ya daktari. Scabia hakuingia na mswada mkononi. Aliingia na karatasi, rangi, vikaragosi na nyimbo, akaacha mlango wazi, na kila mgonjwa aliyependa aliingia na kutoka kama alivyotaka.

Hospitali hiyo ilikuwa na farasi aliyeitwa Marco, aliyevuta mkokoteni wa nguo za kufuliwa. Alipozeeka ilikusudiwa apelekwe machinjioni, na wagonjwa wakaandika barua kwa wakuu wa jimbo kwa niaba yake, wakiomba aachwe astaafu kwa heshima baada ya utumishi wake wote. Ombi lao lilikubaliwa. Basi kilipotakiwa kitu cha kuunda pamoja katika karakana ya Scabia, farasi ndiye aliyepatikana: farasi mkubwa wa mbao na karatasi, aliyepakwa rangi ya buluu, mwenye kimo cha karibu mita 4, na tumbo lililokusudiwa kubeba matakwa ya watu waliofungiwa. Wakamwita Marco Cavallo, yaani Marco Farasi. Siku ya kumtoa nje, mwishoni mwa Februari, ilionekana kwamba amezidi kimo cha mlango, na ikabidi mlango ubomolewe ili apite, naye akatoka akifuatwa na msafara wa wagonjwa, wauguzi, madaktari na wasanii mpaka mitaani. Miaka 5 baadaye, tarehe 13 Mei 1978, bunge la Italia lilipitisha sheria namba 180, iliyokataza kujengwa kwa hospitali mpya za aina hiyo na kuamuru zilizokuwapo zifungwe hatua kwa hatua. Sidai kwamba farasi wa mbao ndiye aliyeipitisha sheria. Ilipiganiwa kwa miaka mingi na watu wa kila namna. Ninachodai ni kwamba siku ile wakazi wa Trieste waliwaona watu waliokuwa wamefichwa, na waliwaona wakiwa wamebeba kitu walichokifikiri na kukiunda wao wenyewe. Hapakuwa na mahali pa kukichomeka kicheko kile cha Bethlem.

Sasa nirudi kwa kijana wenu. Nionavyo mimi, hadhira ilicheka kwa sababu mhusika huyo alitungwa kutoka nje. Mmekusanya ishara ambazo mtu mzima wa afya huziona akiwa mbali: anaongea peke yake, anashika kichwa, anatembea huku na huku. Hayo ndiyo yale yale ambayo wachekeshaji wamekuwa wakiyaigiza, kwa hiyo hadhira imeitambua ishara na kuitikia kama ilivyozoea. Mtu anayesikia sauti, akieleza mwenyewe, husema mambo ambayo hamngeyabuni: kwamba sauti nyingine humsifu, kwamba humlazimu kuchagua kujibu au kumsikiliza mama yake anayemwita mezani, kwamba hujitahidi siku nzima asionekane. Mpeni kijana wenu jitihada hiyo ya kuficha, na mtaona ukumbi unavyonyamaza. Lakini ili muipate, itawabidi muwatafute watu waliopitia hali hiyo na ndugu zao, muwaalike kabla maneno hayajaandikwa na si baada ya mchezo kukamilika, muwalipe kama mnavyomlipa fundi wa taa, na muwape haki ya kukataa sehemu yoyote inayowadhalilisha. Haki hiyo ya kukataa ndiyo ngumu kuliko zote, na vikundi vingi huiahidi tu. Nimewahi kuongoza mchezo wa namna hii bila kuitoa, na mwanamke mmoja aliyetusaidia kwa ukarimu mkubwa alikuja siku ya ufunguzi akakuta maneno aliyotuambia kwa siri yakitamkwa mbele ya umati. Hakulalamika. Aliondoka kabla ya mwisho, na hakupokea simu yangu tena. Siwezi kuurudisha usiku ule, lakini naweza kuwazuia ninyi msiufikie.

Kuhusu daktari aliyewashutumu, mpeni haki yake mahali anapostahili. Kuna maigizo ambayo ni tiba. Daktari J. L. Moreno, mzaliwa wa Bucharest, alianza kwa maigizo ya papo kwa papo mjini Vienna katika miaka ya 1920, kisha akahamia Marekani na mwaka 1936 akafungua hospitali katika mji wa Beacon, jimbo la New York, ambamo jukwaa lilikuwa sehemu ya matibabu. Njia hiyo inahitaji mtu aliyefunzwa, kwa kuwa inachimbua majeraha ya mtu mmoja mmoja, na ninyi msiijaribu. Mnachofanya ninyi ni kuzungumza na jamii kuhusu jinsi inavyowatendea watu wake, na jambo hilo halihitaji leseni ya udaktari. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2019 mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na yalionyesha mchango wa sanaa katika kukinga maradhi, kuimarisha afya na kusaidia matibabu. Mwalikeni daktari huyo aketi katika mazoezi yenu. Anaweza kuwa msaada mkubwa, mradi tu asiwe yeye peke yake anayesema kwa niaba ya mgonjwa.

Barua ya pili

*Ni muuguzi katika wodi ya magonjwa ya akili. Nilihudhuria onyesho ambalo karibu kila kosa lilitupiwa serikali, matajiri na familia, kana kwamba ugonjwa wenyewe haupo. Ninawaona watu wanaoumwa kweli na wanaohitaji dawa. Kwa nini wasanii hawa huchanganya afya ya akili na mambo ya haki? Je, huku si kuwapotosha wagonjwa?*

Dada muuguzi, malalamiko yako nayapokea, kwa kuwa nami nimeona maonyesho ya aina hiyo na nikatoka na huzuni. Mchezo unaosema kwamba ugonjwa ni uzushi wa wenye mamlaka unamdhuru mtu ambaye kesho asubuhi atalazimika kuamua kama atameza kidonge chake. Hata hivyo, ningependa kumtetea msanii anayeyaunganisha mambo haya mawili kwa uangalifu, na shahidi wangu ni Augusto Boal wa Brazil.

Boal, aliyezaliwa Rio de Janeiro mwaka 1931 na kufariki mwaka 2009, alikamatwa na watawala wa kijeshi mwaka 1971, akateswa, kisha akaishi uhamishoni. Mwaka 1973 alikuwa Peru, akitumia maigizo katika mpango wa elimu ya watu wazima. Alikuwa na desturi ya kusimamisha mchezo na kuwaomba watazamaji wapendekeze mhusika afanye nini, na waigizaji wakalitekeleza pendekezo. Siku moja waliigiza kisa cha mwanamke asiyejua kusoma, ambaye mumewe alimpa karatasi azitunze akidai ni hati muhimu, kumbe ni barua za kimada. Mtazamaji mmoja, mwanamke mwenye mwili mkubwa, alitoa pendekezo lake, lakini kila mwigizaji alipojaribu kulitekeleza alisema siyo, hamjanielewa. Mwishowe Boal alimwomba apande aonyeshe mwenyewe. Alipanda, akamshika mwigizaji wa nafasi ya mume, akamchapa kwa ufagio huku akimweleza yaliyo moyoni mwake, na ndipo wote wakaelewa alikuwa akimaanisha nini. Kutokana na siku hiyo Boal aliacha kumsemea mtazamaji. Akamruhusu apande, achukue nafasi ya mhusika na kujaribu njia yake.

Alipohamia Ulaya, alikutana na jambo lililomtatiza. Katika warsha zake za Paris watu hawakumweleza habari za polisi wala njaa. Walieleza upweke, woga wa utupu, kushindwa kuzungumza na wenzao. Mtu aliyetoka katika mateso ya gerezani angeweza kuyapuuza hayo kama matatizo ya watu walioshiba, na mwanzoni Boal mwenyewe aliyaona kuwa madogo. Kisha akatambua kwamba watu walikuwa wakijitoa uhai kwa sababu ya mambo hayo hayo, na kwamba maumivu yanayomfikisha mtu huko hayawezi kuitwa madogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamoja na mkewe Cecilia Thumim, ambaye alikuwa mtaalamu wa saikolojia, aliendesha warsha ndefu mjini Paris akitafuta kile alichokiita polisi aliyemo kichwani. Hoja yake ilikuwa rahisi: polisi huyo yumo ndani ya kichwa, lakini kituo chake kiko nje, na kazi ni kugundua aliingiaje humo. Kwa hiyo, dada yangu, hakusema kwamba mgonjwa haumwi. Alisema kwamba sauti inayomwambia mtu kuwa hafai ilitamkwa kwanza na kinywa fulani, mahali fulani, na kwamba wapo wanaonufaika ikiendelea kusikika.

Wewe ambaye uko wodini unajua zaidi yangu jinsi ugonjwa na dhuluma vinavyoshikana mikono. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 970 waliishi na tatizo la afya ya akili, yaani mtu 1 kati ya kila 8. Mtu aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya sonona hupoteza fedha za matibabu pamoja na sababu ya kuamka asubuhi. Dawa ile ile inayomsaidia mwenye nyumba na ndugu haiwezi kumsaidia vivyo hivyo anayelala nje. Mchezo mzuri unaweza kuyasema yote mawili katika pumzi moja, na hadhira haina ugumu wa kuyaelewa.

Mfano ulio karibu na moyo wangu ni wa msanii wa Uingereza, Bobby Baker, ambaye yeye mwenyewe aliishi na ugonjwa wa akili kwa miaka mingi na kuichora hali yake siku kwa siku kuanzia mwaka 1997 hadi 2008. Michoro hiyo ilionyeshwa London mwaka 2009 katika jumba la Wellcome Collection. Mwaka 2000, katika juma la kuhamasisha afya ya akili, alifungwa mikanda juu ya lori lililo wazi, akapitishwa katika mitaa ya London akiwapazia sauti wapita njia, kwa kipaza sauti, neno ambalo kila mgonjwa wa sonona amewahi kuambiwa: jikazeni! Fikiria mtu anayekwenda zake kazini, hana kosa lolote, anaamriwa ajikaze na mgeni aliye juu ya lori. Kwa dakika moja anakuwa upande wa pili wa neno hilo. Sisi nasi tunalo neno hilo hilo, na tunalitumia kwa upendo kabisa, huku anayeambiwa akibaki na mzigo wa pili wa kuonekana mvivu.

Ukitaka kuijaribu njia ya Boal pamoja na wenzako, nakupendekezea kisa mnachokijua vizuri: mgonjwa wa akili anakuja mapokezi akilalamika maumivu ya kifua, na kwa sababu faili lake linasema yeye ni mgonjwa wa akili, hakuna anayempima kifua. Igizeni mpaka mahali pabaya kabisa, kisha rudieni, na mtazamaji apige makofi kusimamisha mchezo pale anapoona jambo lingeweza kufanyika vingine, apande ajaribu. Kanuni ya awali ya njia hii ni kwamba mtazamaji huchukua nafasi ya anayeonewa. Kwa maoni yangu, katika mambo ya afya ya akili kanuni hiyo inahitaji tahadhari, kwa sababu kila mtazamaji anayepanda na kumcheza mgonjwa kwa ujasiri na ufasaha zaidi anatuambia, bila kukusudia, kwamba mgonjwa alishindwa kujieleza, na hiyo ni jikaze iliyovaa maleba mapya. Ruhusuni kwanza ibadilishwe nafasi ya yule aliyekuwapo akanyamaza: muuguzi wa zamu, ndugu aliyemsindikiza, karani mwenye faili. Hapo ndipo penye nguvu ya kubadili mambo. Boal alipochaguliwa kuwa diwani wa Rio de Janeiro mwaka 1992, aliyapeleka mapendekezo ya watazamaji wa maonyesho kama haya katika baraza la mji, na hadi muhula wake ulipokwisha mwaka 1996 sheria 13 zilikuwa zimepitishwa kutokana nayo. Wodi yako haihitaji sheria 13. Huenda inahitaji utaratibu mmoja wa mapokezi.

Barua ya tatu

*Ninaandika tamthilia ambayo mwishoni mhusika mkuu anajiua. Msomaji wa mswada wangu anataka niubadilishe mwisho, nami naona kufanya hivyo ni kusema uongo, maana mambo hayo hutokea. Nifanye nini?*

Mtunzi mwenzangu, hukatazwi kulitaja jambo hilo. Zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na ukimya haujapata kumwokoa hata mmoja wao. Tena wataalamu wanakubaliana kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama ana mawazo ya kujiua hakumpandikizii mawazo hayo. Hatari iko katika namna ya kulionyesha. Usiionyeshe njia aliyoitumia wala kuieleza. Usikifanye kifo kiwe jibu la fumbo la mchezo, wala ushindi, wala adhabu inayowafundisha adabu waliobaki, kwa kuwa katika ukumbi kunaweza kuwa na mtu anayeitafuta sababu ya namna hiyo.

Kuna jambo ambalo ningependa ulitafakari kabla ya kuamua. Katika opera ya The Magic Flute ya Mozart, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1791, mhusika Papageno anakata tamaa akidhani amempoteza mpenzi wake, na anakuwa tayari kuyakatisha maisha yake. Watoto watatu wanamkumbusha kwamba anazo kengele ambazo hajazipiga. Anazipiga, na mambo yanageuka. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna wakiongozwa na Thomas Niederkrotenthaler, waliochunguza habari za magazeti ya Austria, waligundua kwamba habari zilizorudiwarudiwa kuhusu kujiua ziliambatana na ongezeko la vifo, ilhali habari za watu waliofikiwa na mawazo hayo kisha wakapata njia nyingine ziliambatana na upungufu wake. Waliiita athari ya Papageno. Nakuomba uzingatie kwamba Papageno hakuambiwa maisha ni matamu. Alikumbushwa kitu alichokuwa nacho mkononi. Huo nao ni ukweli, na hutokea mara nyingi zaidi kuliko kifo, ingawa waandishi tunauona kuwa hauna uzito wa kutosha. Andika mwisho wa pili ukiwa na uangalifu ule ule uliouandikia wa kwanza, uuweke kando kwa siku kadhaa, kisha usome yote miwili kwa sauti mbele ya mtu aliyewahi kufika ukingoni akarudi.

Na ukiubakiza mwisho wako wa sasa, basi watazamaji waambiwe mapema, kabla ya kukata tiketi, mchezo unahusu nini. Awepo mshauri nasaha ukumbini, pawepo chumba kitulivu pembeni, na mtu yeyote aweze kutoka katikati ya onyesho bila kupita mbele ya macho ya wote. Waigizaji nao wapewe muda baada ya kila onyesho wa kuuvua uhusika: wabadilishe mavazi, waitane kwa majina yao halisi, wazungumze mambo ya kawaida. Mwili wa mwigizaji aliyelia kwa saa mbili haujui kwamba ulikuwa mchezo mpaka uambiwe.

Barua ya nne

*Ninaishi na ugonjwa wa akili ambao madaktari wanauita baipola, yaani wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na kwa sasa niko vizuri. Kikundi kimoja kimenialika kujiunga nacho, lakini wanataka kila usiku nisimame mwishoni mwa mchezo niisimulie hadithi yangu. Ninapenda sana kuigiza. Sijui kama ninapenda hilo.*

Mpendwa mwigizaji, sentensi yako ya mwisho inaonyesha kwamba shaka umeshaiona, nami naomba uisikilize. Kusimulia maisha yako mara moja, siku uliyoichagua, mbele ya watu uliowachagua, kunaweza kukupa nafuu kubwa. Kuyasimulia kila usiku kwa ratiba iliyopangwa na mwingine ni kazi tofauti kabisa, kwa sababu kuna usiku ambao hutataka, na usiku huo huo ndio tiketi zitakuwa zimeuzwa zote. Ukikubali, uwe na mamlaka ya kusema leo hapana bila kutoa sababu, na pawepo sehemu nyingine iliyotayarishwa kuziba nafasi hiyo. Amua tangu sasa yapi ya kusemwa na yapi yatabaki yako na ya ndugu zako, ambao nao wamo ndani ya hadithi hiyo bila kuombwa ruhusa. Kumbuka pia kwamba maneno yakishatoka hayarudi, na kwamba mwajiri utakayemwendea miaka 3 ijayo anaweza kuwa ameketi safu ya pili.

Lakini kuna jambo ambalo kikundi hicho hakikukuuliza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na unaowahusu pia wenye matatizo ya akili ya muda mrefu, unasema katika ibara ya 30 kwamba watu hawa wapewe nafasi ya kukuza na kutumia vipaji vyao vya kisanaa, kwa faida yao wenyewe na kwa kuitajirisha jamii. Unataja vipaji. Haudai kwamba mtu alipe ushuhuda ili aruhusiwe kuigiza. Waambie basi kwamba umekuja kama mwigizaji, na uwaombe wakupe mswada mzima uusome nyumbani, ukaangalie nafasi zote zilizomo. Ikiwa moyo wako utaipenda ya hakimu, omba usikilizwe katika nafasi ya hakimu.